Mikono Yetu: Kufufua nibu ya kalamu ya wino ya zamani

Mwezi uliopita kwenye safu hii tulishona begi la shule kwa kutumia gunia la mgao, na nashukuru kuona watoto wengi wamekuja nalo darasani. Kuna mmoja ameongeza mfuko wa ndani wa kufichia maembe. Huyo nimemuona, na nimemwachia kwa sababu ameshona vizuri.

Mwezi huu tuko kwenye kitu kidogo sana, kinachoenea juu ya ukucha: nibu, yaani ile ncha ya chuma ya kalamu ya wino.

Najua vijana watacheka. "Mwalimu, nani bado anaandika na hiyo? Biki ziko, simu ziko." Mna haki. Lakini nimetembelea nyumba nyingi hapa kambini, na mara kwa mara naonyeshwa kalamu kama hiyo chini ya sanduku, imefungwa kwenye kitambaa pamoja na vyeti na picha. Ni ya baba, au ya babu, au ya shangazi aliyekuwa muuguzi. Ilikimbia pamoja na sisi. Haiandiki, na wote nyumbani wanasema imekufa. Mara nyingi haijakufa. Imeziba tu.

KALAMU YA MAREHEMU DIREKTA

Jumamosi moja nilikuwa nasahihisha madaftari nje ya nyumba, akaja mama mmoja wa bloku ya jirani. Alitoa kalamu nyeusi yenye kifuniko cha chuma, akaniwekea mezani.

"Mwalimu, hii stilo ni ya marehemu baba ya watoto. Kuna mchuuzi wa soko anaitaka. Anasema ni shaba tu na imekufa, atanipa kilo mbili za maharage. Mimi nataka kujua kwanza: imekufa kweli ao hapana?"

Nilimfahamu marehemu. Alikuwa direkta wa shule ya msingi upande wa Uvira kabla ya kukimbia mwaka 2004, na hapa kambini aliendelea kufundisha mpaka alipougua. Alifariki mwaka 2019. Mimi nimezaliwa kambini, na ni yeye aliyenifundisha hesabu za sehemu. Buletini yangu ya darasa la tano iko na sahihi yake ya wino wa bluu, iliyoandikwa kwa kalamu hiyohiyo iliyokuwa mbele yangu.

Kalamu ilikuwa Parker 45, aina iliyoanza kuuzwa mwaka 1960. Mjomba wake alimpa zawadi alipopata diploma yake mwaka 1986. Wino ulipokuwa shida kupatikana aliiweka, na wino uliobaki ndani ukakauka humo humo.

Nilimwambia mama, "Niachie wiki mbili. Usimjibu mchuuzi bado." Akasema, "Sawa, lakini ujue shule inafungua mwezi kesho, na mtoto hana viatu." Basi hapo nikaelewa kwamba sikupewa mchezo. Nikisema kalamu ni nzima nami nimekosea, mama amepoteza maharage yake. Nikiiharibu, amepoteza yote mawili.

NIBU INAFANYAJE KAZI

Huwezi kutengeneza kitu usichokielewa. Chukua kalamu yoyote ya wino, hata zile za Hero kutoka China ambazo wengi wetu tumezizoea, uiangalie pamoja nami.

Kwenye nyingi, juu ya nibu kuna tundu dogo. Kutoka kwenye tundu hilo unashuka mpasuo mwembamba mpaka nchani, nao unaigawa nibu kuwa meno mawili. Mwisho kabisa wa meno hayo kuna punje ndogo ya madini magumu. Punje hiyo ndiyo inayogusa karatasi. Watu huiita iridiamu, madini yaliyogunduliwa na Mwingereza Smithson Tennant mwaka 1803, ingawa viwanda vingi sasa vinatumia madini mengine ya ukoo huo. Chini ya nibu kuna kipande cheusi chenye mfereji. Mimi nakiita ulimi. Ulimi ndio unaoleta wino kutoka tumboni mwa kalamu.

Wino unashukaje bila kumwagika? Fikiri utambi wa koroboi. Hakuna anayesukuma mafuta ya taa, lakini yanapanda yenyewe, kwa sababu nafasi kati ya nyuzi ni nyembamba sana na kimiminika hujivuta ndani ya nafasi nyembamba. Mpasuo wa nibu ni vilevile. Ukiwa mzima, unazidi kuwa mwembamba kadiri unavyokaribia nchani, ndiyo maana wino unavutwa mpaka kwenye karatasi na kusubiri hapo.

Sasa fikiri bidoni ya maji. Ukiiinamisha ghafla, maji yanatoka kwa kukwama, glu, glu, glu, kwa sababu hewa inagombania mlango na maji. Kalamu nayo inahitaji hewa iingie wakati wino unatoka. Kalamu za kwanza zilikuwa na tabia hiyo ya bidoni: mara zinakataa, mara zinatapika juu ya barua. Lewis Waterman wa New York alipata hataza mwaka 1884 kwa ulimi wenye njia nyembamba ambazo ziliweka sawa safari ya wino na ya hewa, na kalamu zilizofuata zilijenga juu ya wazo hilo.

Kwa hiyo wino ukikauka kwenye mpasuo, utambi umekufa. Ukikauka kwenye mfereji wa ulimi, hewa haipiti. Katika hali zote mbili chuma ni kizima. Kazi yetu ni kuuyeyusha wino uliokauka bila kuumiza chuma.

KOSA LANGU LA WEMBE

Kabla ya hatua, niwaambie kwa nini nilikuwa na woga. Nilipokuwa sekondari nilikuwa na Hero yangu, ikaziba. Nikachukua wembe, nikaupitisha kwenye mpasuo kwa nguvu, mara ya kwanza, mara ya pili. Uchafu ulitoka kweli. Lakini meno yalibaki yameachana, unaweza kuona mwanga kati yake hata nchani. Niliweka wino, ukafika nusu ya njia, ukasimama. Nafasi ilikuwa pana, na nafasi pana haivuti tena. Kalamu haikuandika hata herufi moja, na nilimaliza mtihani kwa kuazima biki.

Ndiyo sababu nasema: kwenye kazi hii maji yanafanya kazi, wewe unasubiri. Anayetumia nguvu ni yule asiyetaka kusubiri.

VIFAA VINAVYOHITAJIKA

Vikombe viwili vya maji safi. Tone moja la sabuni ya maji ya vyombo. Mswaki wa zamani ambao nywele zake zimelainika. Kitambaa cha pamba kisichotoa nyuzi. Kipande cha mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, cha kushikia mahali panapoteleza. Kioo cha kukuzia, na kama hakuna, kamera ya simu ikikuza picha inatosha. Ukipata sirinji mpya isiyo na sindano, itakusaidia kusukuma maji. Iwe mpya kabisa, ya duka la dawa. Watoto wasiende kuokota sirinji kwenye mashimo ya taka ya zahanati, kalamu yoyote duniani haina thamani ya ugonjwa huo.

HATUA KWA HATUA

1. Angalia bila kugusa. Elekeza nibu kwenye mwanga. Je, meno yote yako sawa, au moja limepanda juu ya lingine? Punje iko pande zote mbili? Kama punje imeanguka upande mmoja, hiyo ni kazi ya fundi mwenye mashine. Usidanganywe kwamba jiwe la kunolea litaiponya.

2. Loweka. Toa pampu au mpira wa wino kama unatoka kwa wepesi. Simamisha kalamu ndani ya kikombe, maji yafunike nibu na sehemu ya kushikia tu, siyo mwili wote. Tumia maji ya kawaida, au vuguvugu kama ya kuogeshea mtoto mchanga. Maji ya moto hapana. Kalamu nyingi za zamani zimetengenezwa kwa raba ngumu au plastiki ya zamani, na joto linazipinda au kuzibadilisha rangi. Kuanika juani ni vilevile.

3. Badilisha maji asubuhi na jioni. Kalamu ya direkta siku ya kwanza ilitoa moshi wa bluu ndani ya kikombe, kama mtu anayepumua. Siku ya pili maji yalikuwa meusi. Siku ya tatu nikadhani imekwisha, kumbe siku ya nne ikatoa tena. Usihesabu siku, angalia maji.

4. Tone la sabuni. Rangi ikipungua, weka tone moja la sabuni kwenye kikombe cha maji, loweka saa chache, kisha suuza mara nyingi. Sabuni ikibaki ndani, wino utasambaa kwenye karatasi kama mizizi.

5. Kama bado ni ngumu. Mafundi wa kalamu hutumia amonia ya kusafishia nyumba, sehemu moja kwa sehemu kumi za maji, kwa muda mfupi, kisha wanasuuza sana. Kama huna, usiihangaikie, maji na siku nyingi vinafika palepale. Ila usichanganye kamwe amonia na dawa ya kufulia yenye klorini, mvuke wake ni sumu. Na usitumie petroli, spiriti wala dawa ya kufutia rangi ya kucha. Hizo zinaweza kuyeyusha mwili wa kalamu.

6. Fungua, kama inafunguka. Parker 45 ina bahati hii: nibu na ulimi wake vinatoka kwa kuzungusha kama kizibo, kuelekea kushoto. Shika kwa kipande cha mpira, zungusha kwa vidole. Ikikataa, rudisha kwenye maji. Ile ya direkta ilikataa siku ya tano, ikakataa siku ya saba, siku ya tisa ikazunguka yenyewe kama haikuwahi kukataa. Koleo lisiguse hapo. Kwa Hero na Parker 51, ambazo nibu yake imefichwa chini ya kofia, usifungue kabisa. Loweka tu na uvute maji ndani na nje kwa mpira wake mara nyingi.

7. Safisha. Nibu ikiwa nje, isugue kwa mswaki laini wenye maji, kutoka nyuma kwenda nchani, kwa kufuata meno. Usisugue kinyume, nywele za mswaki zinaweza kunasa na kuyapinda. Pitisha mswaki pia kwenye mfereji wa ulimi. Ndani ya mpasuo usipitishe wembe, sindano wala pini. Kama kuna unyuzi wa karatasi umenasa, chukua ukanda wa plastiki nyembamba kabisa, kama ile ya pakiti ya biskuti, uupitishe mara moja kwa utaratibu.

Akina mama, naomba mnisikilize hapa. Majivu na mchanga vinang'arisha sufuria, lakini nibu si sufuria. Nyingi ni chuma kilichopakwa dhahabu nyembamba sana. Ukisugua kwa majivu au kwa dawa ya meno, dhahabu inaondoka, na chuma cha chini kinaweza kuanza kutu. Doa la wino juu ya nibu si ugonjwa. Liacheni.

8. Nyoosha meno. Itazame nibu kutoka mbele, uso kwa uso. Kama jino moja liko juu kidogo, liegemeze kwa ukucha wa kidole gumba, kidogo sana, kisha angalia tena. Kidogo mara kumi ni bora kuliko nyingi mara moja.

9. Kausha na urudishe. Funga nibu kwenye kitambaa, iache usiku mzima. Asubuhi ipangilie juu ya ulimi, mpasuo ukae katikati ya mfereji, kisha zungusha kurudi mpaka ikae. Usikaze kama nati ya baiskeli.

10. Jaribu. Chovya nibu kwenye wino kwanza kabla ya kujaza. Andika namba nane nyingi zilizoungana, bila kukandamiza. Nane inapita pande zote, itakuonyesha upande unaokwama.

DHAHABU AU SHABA?

Nilipoitoa nibu ya direkta na kuisafisha, niliona alama ndogo: 14K. Maana yake ni kwamba katika sehemu 24 za mchanganyiko, 14 ni dhahabu safi. Kwenye kalamu nyingine alama ni 585, yaani sehemu 585 katika 1000, na hicho ni kipimo kilekile. Ukiona 18K au 750, dhahabu imezidi. Haifanywi ya dhahabu tupu kwa sababu ingekuwa laini mno. Faida yake ni kwamba haipati kutu, hata ikikaa miaka ndani ya wino.

Kwa hiyo mchuuzi alikosea, au aliamua kukosea. Lakini niliona ni lazima nimwambie mama ukweli wote, siyo nusu ambayo ingemfurahisha. Nibu nzima ya kalamu kama hiyo haifiki hata gramu moja. Ukiitoa na kuiuza kama dhahabu, utapata pesa kidogo, na umeua kalamu. Kalamu nzima inayoandika ina bei kuliko nibu peke yake, lakini mnunuzi wa aina hiyo yuko mbali na soko letu. Nilimwambia hivyo. Alinyamaza kidogo, akauliza, "Na inaandika?" Nikasema, "Kesho tutajua."

ILIPOANZA KUANDIKA

Chupa ya wino nililetewa na dereva mmoja kutoka mjini. Mpira wa kubana wa kalamu ulikuwa bado mzima. Nikachovya, nikaandika nane zangu. Wino ulitoka, bluu safi. Nilifurahi sana. Lakini kalamu ilikuwa inakwaruza, kama msumari kwenye ubao. Nikabadilisha karatasi, ikakwaruza. Nikaangalia meno kwa simu, yako sawa kabisa.

Niwaambie ukweli, nilichukua msasa laini. Nilikuwa nimeshaukata kipande kidogo. Wazo langu lilikuwa kuisugua punje mara mbili tatu mpaka iwe laini. Nikaamua kuikuza picha mara moja tena, nikaona kitu. Punje haikuwa mviringo. Upande mmoja ulikuwa umekatika bapa, kwa mshazari, umelainika kama kizingiti cha mlango kilichokanyagwa miaka mingi.

Nikaleta buletini yangu ya zamani. Sahihi ya direkta ilikuwa na mistari minene ikienda upande mmoja na myembamba ikienda upande mwingine. Nikaweka kalamu mkononi, nikaizungusha kidogo kuelekea kushoto, nikaandika. Ikateleza kama kidole juu ya mafuta. Nikairudisha kama ninavyoshika mimi, ikakwaruza.

Kumbe kalamu haikuwa na ugonjwa. Mkono wa mtu mmoja, miaka na miaka, buletini baada ya buletini, ulikuwa umeinoa punje kufuata namna yake ya kushika. Punje ni ngumu sana, lakini karatasi nayo, kidogo kidogo, inakula. Na kitu kilicholiwa hakirudi, wala msasa hauongezi, unapunguza tu. Ningesugua dakika mbili ningefuta kazi ya miaka thelathini.

Nilitupa msasa. Siku ya pili mama alikuja na kijana wake wa darasa la sita. Sikusema lolote kuhusu kushika. Nilimuuliza mama tu, "Marehemu alikuwa anaandika namna gani?" Akacheka. "Huyo? Daftari yake ilikuwa inalala upande, na kalamu imepinda kama ndizi. Walimu wenzake walikuwa wanamchekesha."

Nikampa kijana kalamu. Mara ya kwanza ikakwaruza. Mama akamshika mkono, akalaza daftari upande, akamzungushia kalamu kidogo. Ikaandika. Kijana aliandika jina la baba yake, kisha lake, kisha akaendelea kuandika namba tu, moja mpaka hamsini na kitu, kwa sababu hakutaka kuacha. Mama alikuwa amegeuka upande wa mlango.

Mchuuzi alirudi siku ya soko. Mama alimwambia kalamu haiuzwi, lakini kama ana viatu vya namba thelathini na sita waongee. Viatu alivipata kwa kusuka vikapu vitatu. Nasema hivi ili msifikiri naandika hadithi tamu: viatu vilikuwa deni la kweli na vililipwa kwa jasho. Na kama angeuza kalamu, mimi nisingemlaumu. Ila angeuza akijua anauza nini, siyo kwa kuambiwa imekufa.

MASWALI MLIYOULIZA

Swali: Mwalimu, naweza kutumia wino wowote?

Jibu: Hapana. Tumia wino wa chupa ulioandikwa ni wa kalamu za wino, kama Quink. Wino mweusi wa wachoraji una gundi na utaziba kalamu yako kabisa. Wino wa mihuri na wa mashine za kuchapa pia hapana. Na wino wa zamani wa chuma, ule unaozidi kuwa mweusi baada ya kuandika, unakula nibu za chuma ukiachwa humo bila kusafisha.

Swali: Watoto wangu waandike mtihani na kalamu ya wino?

Jibu: Fuata sheria ya chumba cha mtihani. Na nyongeza moja: fomu za ofisi na ujumbe wa Msalaba Mwekundu wa kutafuta ndugu, andikeni kwa biki. Wino mwingi wa chupa unayeyuka ukilowa, na mvua zetu mnazijua. Jina la ndugu unayemtafuta lisifutike njiani. Kila chombo kina kazi yake. Hata neno "biki" lenyewe ni jina la mtu, Marcel Bich, aliyeanza kuuza kalamu ile ya plastiki Ufaransa mwaka 1950. Siigombanishi na ya wino, wote ni ndugu.

Swali: Kalamu ikipona, nifanye nini isizibe tena?

Jibu: Iandikie. Kalamu inayoandika kila siku ni nadra kuziba. Kama utaiweka zaidi ya wiki mbili tatu, toa wino, suuza mpaka maji yatoke meupe, kausha. Isifungiwe na wino tumboni.

KAZI YA NYUMBANI

Wanafunzi, mwezi huu waulizeni wazee wenu kama kuna kalamu ya zamani nyumbani. Msiifungue. Ulizeni kwanza ilikuwa ya nani, alifanya kazi gani, na alikuwa anaishika namna gani. Andikeni majibu nusu ukurasa, mniletee. Wenye kalamu zilizoziba waje Jumamosi mchana nyuma ya darasa la nne, na kila mtu aje na vikombe vyake viwili. Msasa na wembe viacheni nyumbani.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutaangalia namna ya kufunga upya kurasa za daftari au kitabu kilichochanika mgongo, kwa uzi na uji wa mhogo.

Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba. Mimi nimeona kwamba haba na haba pia huzibua.

Ni mimi mwalimu wenu wa kujitolea. Tuonane mwezi ujao.